Kuugua, Kuuguza, Kuuguliwa: Malale na Maana ya Ugonjwa katika Historia ya Kongo

1. Utangulizi

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki dunia mjini Kasongo, katika Maniema, akiwa na umri wa miaka 30. Alikuwa ametumwa na Shule ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Liverpool, pamoja na mwenzake John Todd, kuchunguza ugonjwa wa malale katika Dola Huru ya Kongo. Lakini si malale yaliyomwua. Aliuawa na homa ya vipindi, ile inayoletwa na kupe akaaye katika sakafu za udongo na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Dutton na Todd walikuwa wakiichunguza homa hiyo safarini, na wote wawili waliipata. Todd alipona, Dutton hakupona, na kijidudu kinachosababisha homa hiyo kikapewa baadaye jina lake.

Kupe huyo alikuwa na jina katika lugha za wenyeji. Wasemao Kiswahili humwita papasi, na ugonjwa wake ni homa ya papasi. Katika sehemu nyingi za Kongo huitwa kimputu. Livingstone naye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alikuwa amekwisha kueleza maradhi yanayomfuata mtu aliyeumwa na kupe wa namna hiyo. Kwa hiyo, kuhusu homa ya papasi, elimu ya wenyeji na elimu ya hadubini zilikutana bila ugomvi mkubwa: ya kwanza ilimjua mdudu, na ya pili ilionyesha kilichomo ndani ya mdudu.

Mambo hayakuwa hivyo katika malale. Uchunguzi ule ule wa Dutton na Todd ulifuatwa na kambi za kuwatenga wagonjwa, na watu wakazikimbia kambi hizo kama wanavyokimbia vita. Ni desturi kueleza tofauti hii kwa neno moja, yaani ujinga: daktari alijua, mwanakijiji hakujua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Ugomvi haukuhusu hasa mdudu wala dawa. Ulihusu swali jingine: ugonjwa ukiingia katika nyumba, ni wa nani? Swali hilo limo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe, na lilirudi Beni na Butembo kati ya 2018 na 2020, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo cha Kasongo.

2. Kitenzi kimoja, watu watatu

Katika Kiswahili mtu huugua. Mzizi huo ukitiwa katika kauli ya kutendesha hutoa kuuguza. Kwa umbo lake, neno hili lingetazamiwa kumaanisha kumfanya mtu augue, lakini matumizi yamelipeleka kwingine: kuuguza ni kumtunza mgonjwa, kukaa naye, kumlisha, kumgeuza kitandani, kumfulia nguo. Mzizi ule ule, ukipata kauli ya kutendea na ya kutendwa kwa pamoja, hutoa kuuguliwa, yaani kuwa na mgonjwa nyumbani. Mama aliyeuguliwa na mtoto hana homa mwilini mwake. Hata hivyo lugha inamhesabu miongoni mwa walioguswa na ugonjwa, kama inavyomhesabu aliyefiwa miongoni mwa walioguswa na kifo. Wote wawili huambiwa pole.

Kitenzi kimoja, basi, kinataja watu watatu: augua, auguza, auguliwa. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wanaochunguza tiba kama jambo la kijamii wamezoea kutenganisha mambo matatu katika kila ugonjwa: hitilafu ya mwili kama daktari aipimavyo, maumivu na hofu kama mgonjwa ayaonavyo, na hali ya kuwa mgonjwa mbele ya wengine, pamoja na haki na wajibu unaofuatana nayo. Kwa Kiingereza mambo hayo matatu hupewa nomino tatu tofauti. Kiswahili kina nomino nyingi pia, kama ugonjwa, maradhi na uele, lakini nomino hizo hazigawani kazi kwa namna hiyo. Mgawanyo wa Kiswahili umo katika kitenzi, nao haugawanyi jambo lenyewe bali watu wanaoshirikiana katika jambo hilo.

Kweli, msemaji wa Lubumbashi au wa Bukavu hatumii sana kuuguliwa. Atasema tu: "Niko na mugonjwa." Atakayemsikia ataelewa mara moja kwa nini hakuonekana kazini, kwa nini anakopa, na kwa nini asidaiwe mchango wa wiki hiyo. Umbo limebadilika, maana imebaki. Hospitalini ndugu huyu huitwa kwa Kifaransa garde-malade. Hulala juu ya mkeka karibu na kitanda, hupika uani, huenda kununua dawa zilizoandikwa na daktari, na hupeleka habari nyumbani. Katika hospitali nyingi za Kongo, mgonjwa asiye na mtu wa namna hiyo ana shida ya chakula na ya maji kabla hajawa na shida ya dawa.

Maneno yanayohusu afya yanaonyesha upana ule ule. Afya ni neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini neno uzima limejengwa juu ya mzizi wa Kibantu -zima, unaosikika pia katika "siku nzima", "mji mzima" na "mtu mzima". Aliye mzima ni yule ambaye hakupungukiwa kitu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, ilipokataa kuiona afya kama kukosa maradhi tu na kuieneza hadi kwenye hali ya mtu katika jamii, ilisema jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hulisema kila asubuhi anapouliza kama watu wa nyumbani ni wazima.

Dawa nayo haikuwekewa mipaka ya duka la dawa: kidonge ni dawa, mizizi ni dawa, hirizi ni dawa, na kinachoua panya ni dawa. Vivyo hivyo mganga. Katika Kongo, munganga ni daktari wa hospitali, na anayepiga ramli ili kujua chanzo cha balaa huitwa mfumu. Tanzania neno mganga huelekea zaidi kwa mtaalamu wa dawa za asili, lakini hata huko cheo cha serikali ni mganga mkuu wa mkoa. Jambo hili ni la kuzingatiwa: daktari wa kigeni alipofika, lugha haikumfungia mlango. Ilimpa jina la heshima lililokuwapo.

Mwaka 1978 John Janzen, Mmarekani aliyefanya uchunguzi miongoni mwa Wakongo wa Bas-Congo, alichapisha kitabu juu ya namna familia zinavyotafuta tiba. Alionyesha kwamba mgonjwa mara nyingi haamui peke yake. Ndugu wa baba na wa mama hukutana, hupima dalili, hutoa fedha, na huamua kama aende hospitalini, kwa mganga wa mitishamba, au kwanza kwenye kikao cha kupatanisha ukoo. Alieleza pia tofauti ambayo wasemaji wa Kiswahili wa mashariki wanaijua sana: ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa mtu. Ugonjwa wa Mungu si adhabu. Ni ule unaotokea katika mwendo wa kawaida wa maisha na kuitikia dawa. Ugonjwa wa mtu ni ule unaokataa dawa, au unaorudi, au unaoanguka juu ya nyumba yenye ugomvi. Swali la kwanza ni "anaumwa nini?" La pili ni "kwa nini yeye, na kwa nini sasa?" Familia zilizochunguzwa hazikuona kwamba kujibu swali moja kunafuta jingine, nazo zilipita kutoka hospitali hadi kikao na kutoka kikao hadi hospitali bila kuona aibu.

3. Tezi za shingo

Jina malale limetokana na kulala. Mgonjwa, katika hatua ya mwisho, husinzia mchana, hukosa usingizi usiku, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Kwa watu wa nyumbani ugonjwa huonekana hapo, mwenendo unapobadilika. Kwa daktari umeanza zamani. Mwaka 1902 Dutton mwenyewe alikuwa amekitambua na kukipa jina kimelea, tripanosoma, kutoka katika damu ya mgonjwa wa Gambia. Mwaka 1903 David Bruce, akiwa Uganda, alionyesha kwamba kimelea hicho huchukuliwa na mbung'o, aitwaye pia ndorobo. Wakati huo pwani za Ziwa Victoria zilikuwa zikiteketea. Waliokufa huko katika miaka ya mwanzo ya karne walikadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Mfalme Leopold II alihofu kwamba Kongo itafuata, na safari ya watu wa Liverpool, iliyoanza mwaka 1903, ilitokana na hofu hiyo.

Dutton na Todd walitoa shauri moja ambalo liligeuka kuwa kanuni: kupapasa shingo. Mtu mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo ahesabiwe kuwa mgonjwa hadi itakapothibitika vingine. Dalili hiyo haikuzaliwa maabara. Daktari Thomas Winterbottom, aliyekaa Sierra Leone, aliandika mwaka 1803 kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliijua na hawakukubali kumnunua mtu mwenye uvimbe huo. Kwa mara nyingine elimu ya hospitali ilikuwa imepokea kitu kutoka kwa watu wasiosoma, na mara hii ilikipokea kwa njia ya soko la watumwa.

Haifai kupunguza thamani ya uvumbuzi huo. Kimelea kipo, mbung'o huuma, na bila dawa watu hufa. Lakini ufahamu wa namna hiyo ulikuwa na upungufu wake. Mwaka 1971 John Ford, aliyewachunguza mbung'o kwa miaka mingi katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, alieleza kwamba jamii nyingi za Kiafrika zilikuwa zimejifunza kuishi karibu na mdudu huyo kwa kuchagua mahali pa kujenga, kufyeka vichaka na kuacha mapori kati ya nchi na nchi. Ukoloni ulipovunja mpango huo, ugonjwa uliokuwa umefungiwa pembeni ulitoka. Maryinez Lyons naye, katika kitabu cha mwaka 1992 juu ya kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, alionyesha jinsi kazi za lazima, upagazi, ukusanyaji wa mpira na njaa vilivyosukuma watu mbali na vijiji vyao na kuwadhoofisha. Wanakijiji waliosema kwamba ugonjwa ulikuja pamoja na wazungu hawakuwa wakizungumza juu ya kimelea. Walikuwa wakizungumza juu ya jinsi nchi ilivyovurugwa, na katika hilo hawakuwa mbali na wanahistoria waliokuja baadaye.

4. Lazareti

Dola Huru ya Kongo, na baada ya 1908 serikali ya Kibelgiji, ilichagua njia ya kutenganisha. Watu walipangwa mstari, shingo zikapapaswa, walioshukiwa wakapelekwa katika kambi zilizoitwa lazareti, kama ile ya Ibembo karibu na mto Itimbiri. Mwendo wa watu kutoka wilaya hadi wilaya ulitiwa chini ya hati za kidaktari. Dawa iliyotumiwa kwanza, atoksili, ilikuwa na arseniki ndani yake; ilisaidia katika hatua ya mwanzo, haikuweza kuponya ugonjwa uliokwisha kufika katika ubongo, na baadhi ya waliopewa walipofuka. Ili kujua hatua ya ugonjwa, ilibidi kuchoma sindano kati ya pingili za uti wa mgongo na kutoa maji. Hakuna uchunguzi uliochukiwa kuliko huo.

Hapa inafaa kuuliza swali la kidaktari kabisa. Malale hayaambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, kumwosha au kula naye. Kutenga hakukuwa na kazi ya kumkinga anayeuguza. Kulikusudiwa kumwondoa mgonjwa mahali ambapo mbung'o wangeweza kunyonya damu yake na kuipeleka kwa wengine. Kwa hesabu ya daktari, aliyeondolewa alikuwa chombo kilichobeba kimelea. Kwa hesabu ya nyumba yake, aliyeondolewa alikuwa mtu anayeugua, na pamoja naye waliondolewa watu wawili wasiotajwa katika daftari: anayeuguza alinyang'anywa kazi yake, na aliyeuguliwa alinyimwa habari. Mara nyingi mgonjwa hakurudi. Waliobaki hawakuona tiba wala kifo wala kaburi.

Kukimbia, basi, kulikuwa na mantiki yake. Watu walihamia msituni msafara wa daktari ulipokaribia. Wagonjwa walitoroka kambini usiku. Wengine walificha shingo za watoto wao. Daktari aliandika kwamba wenyeji hawataki kuponywa. Lakini waliotoroka mara nyingi walitorokea kwa ndugu, yaani kwa waliokuwa na wajibu wa kuwauguza. Si lazima watu wa Itimbiri wawe wasemaji wa Kiswahili ili jambo hili liwe kweli kwao. Lugha nyingi za nchi zina njia zake za kusema kwamba mgonjwa si wa peke yake. Kiswahili kinalionyesha wazi tu, katika viambishi vyake.

Kadhalika ni hapo inapoeleweka kwa nini lawama ya uchawi iliweza kumwangukia daktari. Mtu anayechukua damu, anayetoa maji ya mgongo, anayewapeleka watu mahali wasikoonekana, na anayefanya hayo bila kikao na ndugu zao, anafanana kwa kila hali na yule ambaye mapokeo humwita mlozi. Katika Katanga ya kikoloni hofu ya namna hiyo ilipata jina la batumbula, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya wazungu. Habari hizo hazikuwa za kweli kama habari za matukio. Zilikuwa za kweli kama maelezo ya uhusiano: watu walichukuliwa, na hakuna aliyeulizwa.

5. Sindano karibu na nyumbani

Mabadiliko yalikuja kwa dawa mpya na kwa utaratibu mpya kwa pamoja, na ni vigumu kutenganisha sehemu ya kila kimoja. Triparsamidi ilitengenezwa mwaka 1919 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na miaka 1920 na 1921 daktari Louise Pearce aliijaribu Léopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo. Nayo ilikuwa na arseniki na ilidhuru macho ya baadhi ya wagonjwa, lakini iliweza kuwafikia hata wale ambao ugonjwa ulikwisha kuingia katika ubongo. Mtu aliyekuwa akizungumza ovyo na kuanguka usingizini alirudi kulima. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Yakusu, karibu na Kisangani, daktari Mwingereza Clement Chesterman alifika mwaka 1920 katika misheni ya Kibaptisti. Aliitumia dawa hiyo kwa watu wengi, lakini hakuwakusanya wote hospitalini. Aliwafundisha vijana wa Kikongo uuguzi na kuwaweka katika zahanati za vijijini, ambako wagonjwa walikuja kuchomwa sindano kila wiki na kurudi kulala nyumbani. Polepole serikali nayo iliacha kutegemea lazareti na kutumia vikosi vya kutembea kijiji hadi kijiji. Shuruti haikwisha: watu waliendelea kuitwa kwa majina, kuhesabiwa na kuadhibiwa wasipofika. Lakini mgonjwa alibaki machoni pa watu wake, na anayeuguza alibaki na kazi yake. Mwaka 1959 wagonjwa wapya walioandikwa Kongo nzima walikuwa karibu 1,200 tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Vita na kuvunjika kwa huduma baada ya 1960, kisha kukatizwa kwa ushirikiano wa Ubelgiji mwaka 1990, viliurudisha ugonjwa. Mwaka 1998 waliotambuliwa Afrika nzima walikaribia 40,000, walio wengi wakiwa Wakongo, na dawa ya hatua ya mwisho, melasoprolo, yenye arseniki pia, iliwaua karibu 5 katika kila 100 waliotibiwa nayo. Hatimaye, mwezi Desemba 2018, Kongo iliandikisha feksinidazoli, dawa ya vidonge inayomezwa kwa siku 10, ambayo majaribio yake yalifanyika kwa sehemu kubwa nchini humu. Wagonjwa wengi wanaoitumia hawahitaji tena kuchomwa uti wa mgongo, na baadhi yao wanaweza kuimeza nyumbani wakisimamiwa. Mwaka huo wagonjwa walioandikwa Afrika nzima walikuwa chini ya 1,000. Historia ya tiba ya malale inaweza kusimuliwa kama historia ya kemia. Inaweza pia kusimuliwa kama safari ya mgonjwa kutoka kambini kurudi nyumbani kwake.

6. Beni na Butembo

Mwaka ule ule wa 2018, tarehe 1 Agosti, mlipuko wa kumi wa Ebola katika Kongo ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, katika nchi inayosema Kinande na Kiswahili. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Ebola ni kinyume cha malale katika jambo moja la msingi. Huambukizwa kwa majimaji ya mwili, na kwa hiyo hupita hasa kwa yule anayeosha, anayelisha, anayefuta matapishi, anayeandaa maiti. Njia yake ni kuuguza kwenyewe. Yule anayetimiza wajibu wake vizuri kuliko wote ndiye anayefuata kuugua. Hapa kutenga hakukuwa kosa la kikoloni. Kulikuwa lazima, na hakuna heshima kwa mapokeo inayoweza kulificha jambo hilo. Nyumba ngapi zimezika watu wawili na watatu kwa sababu mtu alikataa kumwacha ndugu yake peke yake!

Hata hivyo ukinzani ulikuwa mkali. Vituo vya tiba vilishambuliwa, na mwezi Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa Butembo. Yafaa kukumbuka nchi ilikuwa katika hali gani. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakichinjwa na watu wenye silaha, na wengi waliuliza kwa nini ulimwengu ambao haukuja kwa ajili ya mauaji ulikuja kwa magari mengi namna ile kwa ajili ya ugonjwa. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa kutajwa Ebola na usalama, hali sehemu nyingine za nchi zilipiga kura. Siku chache hivi waandamanaji wakakivamia kituo cha kupokea wagonjwa mjini Beni. Mtu aliyesema wakati huo kwamba Ebola ni ya wanasiasa alikuwa akijibu swali la "kwa nini sisi, na kwa nini sasa?" Jibu lake kuhusu virusi lilikuwa kosa, na kosa hilo liliweza kumwua. Swali lake halikuwa la kipumbavu.

Yaliyosaidia ni mengi: chanjo, dawa mbili za kingamwili zilizoonyesha nguvu yake katika majaribio yaliyotangazwa Agosti 2019, moja ikiwa imetokana na damu ya Mkongo aliyepona Kikwit mwaka 1995, na kazi ya wauguzi na viongozi wa mitaa. Lakini mambo mawili yanahusu makala haya moja kwa moja. La kwanza ni vyumba vya kuta angavu za plastiki vilivyotumiwa katika baadhi ya vituo. Mgonjwa alikuwa ndani, ndugu walikuwa nje, nao waliweza kumwona, kumsemesha na kushuhudia anavyotunzwa. Na ikiwa amekufa, walijua amekufaje. La pili ni waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kuingia mahali ndugu wasipoweza kuingia. Wakawa garde-malade wa watu wasio wa ukoo wao, wakawalisha wagonjwa, na wakawalea watoto ambao mama zao walikuwa vitandani.

Kitenzi kilikuwa kimerudishiwa watu wake watatu. Anayeugua hakuwa peke yake. Kuuguza kulifanywa na mtu ambaye kuuguza hakungemwua. Aliyeuguliwa alisimama nyuma ya ukuta angavu, akiwa na habari.

7. Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa haithibitishi kwamba kila ufahamu wa ugonjwa ni sawa na mwingine. Kuhusu mbung'o, papasi na virusi, hadubini ilisema kweli, na waliokataa kuisikia waliumia. Inathibitisha jambo dogo zaidi na gumu zaidi: ukweli kuhusu mdudu haumpi mtu ruhusa ya kuamua peke yake nani aondolewe, nani abaki, na nani asijue. Mahali tiba ilipojibu swali la "anaumwa nini?" na kumwachia mgonjwa watu wake, ilipokewa, hata ikiwa sindano iliuma. Mahali ilipojibu swali hilo na kuwafukuza wengine wote mlangoni, ilikimbiwa, hata ikiwa ilisema kweli.

Kwa wanaoshughulika na lugha, kuna kazi inayotokana na hayo. Orodha za maneno ya Kiswahili zinazotungwa kwa ajili ya afya huwa na bidii kubwa ya kutafuta majina ya vimelea, viungo na vipimo, na bidii hiyo ni ya lazima. Lakini muuguzi anayeingia katika kijiji cha Kasongo au cha Beni hatasemezana kwanza na kimelea. Atasemezana na mtu aliyeuguliwa, atakayetaka kujua mgonjwa wake anapelekwa wapi, nani atakaa naye, na lini ataweza kumwona. Maneno ya mazungumzo hayo yamo katika Kiswahili tangu zamani. Yanahitaji kufundishwa pamoja na yale mengine, kwa wanafunzi wa tiba na kwa wanafunzi wa isimu, kabla mlipuko mwingine haujatangazwa.